Tonton na Baba wa Kambo wa Filamu

Mama aliolewa mara ya pili na mwanamume wa Maniema aliyejua Kifaransa vizuri. Nilikuwa bado mdogo, katika miaka ya hamsini. Nilimwita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, naye hakunisahihisha.

Jumamosi jioni misheni ilionyesha filamu uwanjani, kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya michikichi miwili. Zilikuwa za Kifaransa na wengi wetu hatukukielewa, kwa hiyo padri alimpa tonton kipaza sauti atufasirie. Aliigiza wote: bwana, bibi, polisi, hata mbwa. Watu walimpenda.

Filamu moja ilihusu mjane aliyeolewa tena. Mume mpya alikuwa mlevi, akamfungia binti wa mkewe katika kibanda cha kuni. Binti alipofunguliwa alisimama mlangoni akapiga kelele, na tonton, kwa sauti nyembamba, akafasiri: "Wewe si papa yangu!"

Uwanja mzima ukacheka. Watoto wa mtaa wetu wakageuka kunitazama. Mimi nilitazama mbele. Mama, tuliyeketi naye mkeka mmoja, aliendelea kumenya karanga.

Yule mume alipokamatwa, watu walipiga makofi. Hapo tonton akaongeza maneno yake:

"Huyu iko mutu mubaya. Lakini si baba wa kambo wote iko hivi. Mutoto wa bibi yangu iko pale mbele, mumuulize kama nilishamufungia."

Wakacheka zaidi. Padri, ambaye Kiswahili alikijua, akamgusa bega. "Sema tu ile filamu inasema."

Tulipokaribia nyumbani nilimuuliza:

"Tonton, kwa nini ulisema juu yangu?"

"Bon. Niliona wanakuangalia."

"Sasa wataniangalia zaidi."

"Ni kweli. Sitasema tena."

Kesho yake bombani msichana wa jirani aliniuliza kama tonton ananipiga.

"Hapana," nilimjibu. "Anakoroma tu."

Baadaye niliona filamu nyingine nyingi, hata katika kumbi za mjini. Baba wa kambo walikuwa walevi, mama wa kambo walitia sumu. Nilizitazama kama nilivyotazama theluji ya filamu hizo: huenda kitu hicho kipo mahali fulani.

Nilipoposwa, wageni wa upande wa mchumba waliuliza baba wa binti ni nani. Tonton aliweka glasi chini, akasimama, na mazungumzo ya mahari yakaanza. Niliendelea kumwita tonton.