Walionitaka Nusu

Mpaka leo nikisikia mtu analikata jina la mwenzake ili limkae vizuri mdomoni, nashikwa na kinyaa.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya watawa, Likasi, wakati migodi inakufa na mshahara umekuwa hadithi. Zahanati iliyopakana na shule iliongozwa na masere mmoja, mtawa Mhispania, mfupi, mwenye sauti ya kupasua. Tulielewana kwa sababu ya majina. Kwao mtoto hubeba jina la ukoo wa baba, kisha la ukoo wa mama. Ukitaka kufupisha, unabaki na la baba. Mimi nami marehemu baba, aliyetoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja kufanya kazi kiwandani, alinipa jina la mama yake. Mama, mzaliwa wa hapa, akaongeza jina la baba yake. Masere alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa Hispania nikapotea njia.

Kisha akaja Mwingereza wa misaada, nikawa mkalimani wake. Alimwita masere kwa jina la mwisho. Nikamweleza kwa upole kwamba hilo ni la mama yake, atumie yote mawili au lile la kwanza. Alicheka, akasema kwao jina la mwisho ndilo jina. Kesho yake akaendelea vilevile.

"Anaita mama yangu," masere aliniambia. "Na mama alishakufa."

Nilimchukia yule bwana. Mtu mzima, msomi, anaelezwa jambo jepesi namna ile, analipuuza kwa uvivu wa ulimi tu.

Lakini wa kwetu walikuwa wabaya zaidi. Wakubwa wa mkoa walikuwa wametangaza kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi walikotoka, na vijana wakaanza kupita mtaani kwetu Kikula nyumba kwa nyumba. Aliyesimama mlangoni kwetu alikuwa amekula bukari, ugali wa kwetu, mezani pa mama tangu utoto wake.

"Jina yako ni nani?" akaniuliza, kana kwamba halijui.

Nikataja yote mawili.

"Ile ya pili tuachie. Ya kwanza inatosha."

"Huyu ni mutoto yangu," mama akasema. "Nilimuzalia hapa."

"Mama, weye utabakia. Yeye aende kwabo."

Kwetu wapi? Kasai sikuwa nimeiona hata kwa picha. Jirani mmoja akanivuta kando. "Ile ya baba iache tu, dada. Sema ya mama, utalala mu nyumba." Alinitakia mema, na hata hivyo nilimwonea kinyaa. Baba hakuniachia nyumba wala shamba, aliniachia lile jina. Nikachukua mkeka nikaenda stesheni.

Stesheni ilinuka. Watu waliofukuzwa walilala kando ya reli wakingoja treni isiyokuja, wakajisaidia palepale walipopikia, na inzi hawakuchagua kati ya kinyesi na chakula. Masere alihangaika na walioharisha. Kila mchana mama alipita mbele ya vijana wale kuniletea bukari iliyofungwa kitambaani.

Siku moja Mwingereza akaja kugawa mablanketi. Aliponiona kwenye foleni alifurahi, akaniita kwa sauti, na bila shaka kwa jina la mwisho. Jina la watu wa hapa. Foleni nzima ikageuka.

"Huyu ni muntu yabo," mwanamke mmoja akasema. "Anatafuta nini huku?"

Akanipokonya blanketi. Yeye sikumlaumu, mtoto wake alikuwa anatetemeka. Nilimlaumu bwana yule, aliyebaki anatabasamu bila kujua amefanya nini. Vijana walinifukuza kwa jina la baba, sasa waliofukuzwa wananikataa kwa jina la mama. Nikatema mate relini.

Masere alikuja mbio, mikono bado imelowa, akanishika bega. Akatamka majina yangu yote mawili, la baba kisha la mama, kwa ile sauti yake, hadi waliolala wakaamka. Mwanamke yule akanitazama, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka wake. Usiku ule tulijifunika pamoja.

Treni ilipofika hatimaye, ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Vijana walisimama kuhakikisha tunapanda. Mama alinitafuta kati ya vichwa asinione. Nilijua ataniita kwa jina la baba yake. Ndilo aliloniitia maisha yangu yote, na pale ndilo lililokuwa salama, kwa sababu yeye alikuwa anabaki nao.

Hakuliita. Aliinua mikono mbele yao wote, akaita jina la mama mkwe wake, lile la Kasai, akalirudia mpaka sauti ikamkauka.

Nikaitika.