Kidole cha Mama Kabula

Nilikosa, tena nikiwa na akili zangu timamu na kalamu mkononi. Shule nilikwenda, mpaka chuo kikuu. Laiti ningekuwa mjinga, leo ningekuwa na pa kujificha!

Miaka ya tisini nilikuwa ofisa mipango katika mji mmoja mdogo mkoani Shinyanga. Nikapewa kazi ya kuandaa mpango wa kuukinga mji na ukame na mafuriko. Jamani, nilivyovimba kichwa! Hata kinyozi wangu nilimhutubia habari za hali ya hewa.

Kwenye ramani, kando ya mto wetu wa msimu, palikuwa peupe. Sikwenda kutazama; jua lilikuwa kali. Nikaandika: "Eneo wazi lisilotumika." Nikapendekeza lipimwe viwanja, mapato yanunue miche ya miti.

Kumbe ilikuwa ngitili, nyasi ambazo wafugaji huzizuia zisilishwe masika ili ng'ombe wazikute kiangazi. Na ilikuwa ya Mama Kabula, mjane aliyeniletea maziwa kila asubuhi!

Wakubwa walitaka ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Mkutano sikuwa nimeitisha. Ila kabatini kulikuwa na orodha ya waliopokea mahindi ya njaa, majina na alama za vidole. Nikang'oa ukurasa wa juu, nikaweka wangu: "Waliohudhuria na Kuridhia." Nikasifiwa sana.

Wenye fedha za dhahabu kutoka Geita waligombea vile viwanja. Mama Kabula akaja ofisini. Bosi wangu akamfunulia orodha.

"Mama, hiki kidole si chako?"

"Ni changu, baba."

"Basi uliridhia mwenyewe."

"Niliridhia mahindi! Kwani debe moja la mahindi ndiyo bei ya ngitili?"

Watu wakacheka. Mimi nikainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kiangazi kile ng'ombe wake walikufa, akabaki na mmoja. Mvua zilipokuja, maji hayakukuta nyasi za kuyapunguza kasi. Yalikwenda moja kwa moja hadi kwake, yakaangusha ukuta, ukamvunja mguu.

Nikaenda kumjulia hali. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, wewe uliyesoma. Nitafutie mtu aliyekihamisha kidole changu. Sitamfanya kitu. Nataka tu kumwona uso."

Uso ulikuwa mbele yake!

"Simjui, mama," nikasema. "Lakini nitamtafuta."

Akanishukuru! Akamwambia binti yake, Kabula, anipe maziwa ya yule ng'ombe aliyebaki. Nami nikayanywa, mpaka tone la mwisho.

Alifariki miaka michache baadaye, bado akisubiri jibu langu. Tangu hapo maziwa hayanipiti kooni.

Wewe ambaye leo una mpango wa mji mezani, nakusihi, inuka! Nenda ukapakanyage pale ramani inapoonyesha peupe. Uliza ni pa nani. Na kama umeshadanganya, kiri wakati uliyemkosea angali anaweza kukutazama.

Usifanye kama mimi. Kidole cha Mama Kabula nilikiweka bila kusita. Jina langu, hata leo, nimeshindwa kuliweka hapa chini.