Hapana ya Tatu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, kifaa nilichoshika mkononi kilianza kulia mbele ya rundo la majani makavu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa nyasi, nyuma ya mtaa wa soko, Walthamstow, London, na miti iliyouzunguka uwanja ilionekana nusu tu, ile nusu ya juu. Kila nilipolisogelea rundo, mlio uliharakisha. Nikienda kando, ulilegea. Sikuwa nimewahi kuitwa namna ile.

"Pole pole, Mama Zuhura," alisema mwajiri wangu. "Ukikaribia, inama. Kishushe hadi chini kama unapiga deki. Na aliyemo humo ana jina. Usimtafute kama mtu anayetafuta funguo."

Aliyekuwamo humo lilikuwa sweta kuukuu lililofungiwa kifaa cha pili ndani yake. Mwajiri wangu alilizika mwenyewe kabla sijafika, akalipa jina la kaka yake, Ramesh.

Dukani tulimwita Mzee. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi ya uhandisi mpaka akastaafu, kisha akafungua duka la kukodisha vifaa vya kusafiria milimani wakati wa baridi: skii za kutelezea juu ya theluji, makoti, koleo za kukunja za kuchimbia theluji. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake, Rayners Lane, na chupa ya chai ya tangawizi. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikuwa nimetunza wazee majumbani mwao kwa miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa, nikaenda kwake kuomba kazi ya kufua makoti. Theluji niliyoijua ilikuwa ile ya London, ambayo kufikia adhuhuri huwa tope.

Nilianzia karakana, chini ya Fundi Mkuu, mtu mkimya aliyefundisha kwa kuonyesha. Kazi yangu ilikuwa kukagua vile vifaa vinavyolia, ambavyo sisi tuliviita bikoni. Kila msafiri hufunga bikoni kifuani, ikituma mawimbi mfululizo. Mwenzao akifukiwa na maporomoko ya theluji, waliobaki hugeuza zao zipokee, wakaufuata mlio mpaka alipo. Kisha humtafuta kwa fimbo ndefu nyembamba, na fimbo ikigusa kitu laini hawaichomoi: wanachimba kuanzia upande wa bondeni, kuingia ndani, si kutoka juu kwenda chini. Fundi Mkuu alinifundisha kutoamini betri iliyokaa tangu msimu uliopita, na kuiweka simu mbali na bikoni, kwani simu huichanganya. Alinifundisha pia kwamba yote haya ni ya mwisho. Anayefukiwa ana dakika chache tu. Ufundi wenyewe ni kutofukiwa.

Huo ufundi niliusoma mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba, nikienda na kurudi kwa treni ya chini ya ardhi. Theluji, nilisoma, haikai kama mchanga. Hukaa tabaka juu ya tabaka. Pengine tabaka la chini huwa chembe kavu zisizoshikana, kama sukari, na juu yake upepo hutandika tabaka gumu. Ni jamvi lililotandikwa juu ya sukari: mtu akilikanyaga mahali pabaya, jamvi zima huondoka naye. Upepo huichukua theluji upande unaopigwa na kuilaza upande uliojikinga, kwa hiyo mlima ulio shwari machoni ndio wa kuuliziwa habari zaidi. Na mteremko wa kuogopa zaidi ni wa nyuzi thelathini kwenda arobaini na tano.

Nilipima nyuzi hizo London nzima. Paa la nyumba ya jirani. Tuta la reli. Ngazi za umeme za stesheni, zile ndefu zinazoteremka chini ya ardhi, nikakuta zinakaribia thelathini kamili. Tangu siku hiyo sikuzipanda tena kama watu wengine. Nilisimama upande wa kulia, nimeshika mkanda, na ukuta wenye matangazo ukafifia. Mbele yangu ukashuka mteremko mweupe usio na nyayo, na watu wa chini wakawa madoa meusi yanayosubiri kitu ambacho hakijaamua. Kisha ngazi zikaisha na mtu nyuma yangu akaniomba nipishe.

Baada ya msimu mmoja Mzee alinitoa karakana, akanipa mafunzo ya Jumapili niyasimamie pamoja naye. Wateja walizika masweta kwenye majani na kuyatafuta, mbwa wa majirani wakiwasaidia bila kuombwa. Mwishoni Mzee alisema kanuni yake moja, neno kwa neno, kila Jumapili: "Yeyote akisema hapana, tunageuka wote. Hata kama ni mgeni wa jana. Sababu tutaulizana kwenye chai." Nilikuwa nimewasikia wateja wakiirudia kanuni hiyo, nami nikawasahihisha waliotamka kwa unyonge. Sikuwa nimewahi kuitumia.

Majira ya baridi ya tatu, Mzee aliambiwa goti lake litapasuliwa, na kwamba baada ya hapo milima ni ya kutazamwa tu. Akaandaa safari ya mwisho kwenda milima ya Uskoti, yeye, mimi na wateja sita. Alitaka kuvuka mahali pamoja, pengo la juu kati ya vilele viwili, alipopita na Ramesh walipokuwa vijana. Ramesh alikuwa ameshafariki, kwa sukari, kitandani kwake. Ndani ya treni ya usiku, Mzee alinisimulia jinsi kaka yake alivyofika pengoni akala chungwa zima bila kumgawia, na akacheka hadi akafuta miwani.

Asubuhi ile tulipanda taratibu, mimi kwa mwendo alionifundisha Mzee, tukiwa tumevalisha skii ngozi zinazozizuia kurudi nyuma. Mbingu na ardhi vilikuwa rangi moja. Niliwaona wenzangu kama watu waliochorwa kisha wakaanza kufutwa. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma kutoka kusini-magharibi, na mteremko wa kuelekea pengoni ulitazama kaskazini-mashariki. Umejaa, laini, umevimba kidogo kama mto wa kulalia. Nikajua.

Kwetu hatumwambii mzee hapana mbele za watu. Tunamtengenezea njia ya kugeuka mwenyewe. Tulipofika kwenye kijito nikasema, "Mzee, waonaje tukinywa chai hapa kwanza?"

"Tutakunywa juu," akasema.

Mbele kidogo, theluji ikadidimia chini yetu kwa mguno mzito, na ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye ncha ya skii yangu hadi nisipouona tena. Huo mguno ni lile jamvi linapodidimia juu ya sukari. Vitabu vyote nilivyosoma vinakubaliana: ukiusikia, geuka. Nikasogea karibu naye. "Upepo wa jana ulikuwa mkali, Mzee. Inshallah patakuwa salama."

"Inshallah," akajibu, Mhindu yule, akatabasamu, akaendelea.

Alifika pale mteremko unapoanza kuwa mkali. Alikuwa amenyanyua uso kuelekea pengoni, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona dukani. Ulikuwa wa kijana anayesubiriwa na mtu. Nyuma yangu walikuwapo watu sita niliowafundisha. Mguu wake ulikuwa tayari umeinuka.

"Hapana," nikasema.

Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Nikasema tena kwa sauti yangu yote, na wote wakasimama.

Mzee aligeuza skii zake, moja, halafu ya pili, akanipita akishuka. Mteja mmoja, daktari wa meno, aliuliza kama alilipia kuutazama mlima kutokea chini. Kanuni ni kanuni: sababu kwenye chai.

Tulinywa kwenye kijito, tumekalia mabegi. "Sasa sema," Mzee akasema. Nikasema: upepo, upande uliojikinga, mguno, ufa, nyuzi thelathini na tano kwa kipimo changu.

"Mguno niliusikia."

"Najua uliusikia."

"Nilijiambia ni tumbo la daktari wa meno." Wateja wakacheka, hata mwenye tumbo. Mzee hakucheka. Alinijazia kikombe. "Hebu niambie. Ulipotaka chai hapa asubuhi, ulitaka chai?"

"La."

"Na ile inshallah?"

"Ilikuwa hapana."

Akatikisa kichwa. "Mama Zuhura, hizo mbili zilikuwa adabu, na mimi adabu yako naipenda sana dukani. Siku nyingine anza na ya tatu."

Mchana ukungu uliondoka, tukauona mteremko wote. Haukuwa umeporomoka. Ulikaa pale, mweupe, umelala, na daktari wa meno akaunyooshea kidole. Mzee aliutazama mpaka jua lilipouacha. "Ramesh angenicheka hadi London," akasema, akabeba begi lake.

Hilo ndilo gumu katika kazi hii, na ndilo ninalotaka vijana mnaoianza mlijue. Fundi wa paa huonyesha paa. Sisi tukifanya vizuri, hakuna cha kuonyesha. Sijui hadi leo kama mteremko ule ungetuzoa au ungetupitisha salama. Mzee naye hakujua, na hakuniuliza tena. Goti lilipasuliwa, duka likauzwa, nami niliendelea na mafunzo ya Jumapili mpaka magoti yangu yakaanza kusema kama yake. Nilibadilisha jambo moja tu. Kabla ya kushika bikoni, kila mwanafunzi alisimama mbele yangu aniambie hapana, usoni, bila samahani wala labda. Nilidhani ni sisi wa pwani tunaoshindwa. Kumbe hata Waingereza huzungukazunguka sana. Binti yangu Zuhura peke yake hakuhitaji mazoezi: yeye hunikatalia kwa Kiingereza kabla sijamaliza swali.

Siku hizi nikiteremka kwa ngazi za stesheni, mteremko mweupe bado huja. Mara nyingine namwona mtu mmoja juu kabisa, pengoni, anakula chungwa. Kabla ya leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba namwona.

Huwa naulizwa niliokoa watu wangapi. Sijui. Ninachokijua ni hasara, kwa sababu tuliporudi, Mzee aliwarudishia wateja wote sita ada yao yote, pamoja na daktari wa meno, kabla hawajaomba: pauni elfu moja mia nne na kumi.