Sagalla Walivyomjibu Tryphena

Tangu enzi za kujaza fomu za karatasi, kampuni ya kura za maoni ilipotaka kujua watu wa mlima wa Sagalla wanamtaka rais gani, ilimtafuta Tryphena Mkawasi. Alizaliwa huko mlimani, akaimba kwaya huko, akamzika mumewe huko. Hakuwahi kulinganishwa na mtu, mpaka mwaka huu alipoongezewa Ndunge, binti Mkamba kutoka Voi mjini, aliyekuwa hajui hata njia ya kanisani.

Siku ya kwanza Ndunge alimaliza nyumba alizopangiwa kuhoji kufikia saa nane. Maxwell, msimamizi wao, akamsifu mbele ya wote. Tryphena alitabasamu, lakini sifa zile zilimchoma kama mwiba wa mkonge.

Majibu ndiyo yaliyomuuma zaidi. Kwenye tableti yake, watu saba kati ya kumi walimtaka mgombea aliyepigiwa debe na kakake, Alexander. Kwa Ndunge, mlima ule ule, mgombea huyo hakufika hata nusu. Tryphena akajishawishi kwamba msichana anakaa kivulini na kujijazia. Wivu ukavaa nguo za wajibu, akaenda kwa Maxwell.

"Yule msichana anapika majibu," akasema.

Maxwell hakubishana. Wahojiwa walikuwa wameacha namba za simu, basi kesho yake akawapigia mwenyewe, kumi wa Ndunge na kumi wa Tryphena. Kisha akamwita Tryphena. Wa Ndunge wote walirudia walichosema. Wa Tryphena, sita walibadilisha: wanne walimtaja mpinzani, wawili wakasema hawajaamua.

"Sijapika hata moja," Tryphena alisema.

"Najua, Mama Abby. Walikwambia hivyo hivyo. Lakini wewe ni dadake Alexander. Nani atakutazama usoni akwambie hamtaki mtu wa kakako?"

Hakuamini. Alipanda bodaboda hadi kwa Teresia, mwenzake wa kwaya, akamkuta akipepeta ndengu. Akamuuliza wazi kama naye alimdanganya. Teresia akajibu huku akiendelea kupepeta.

"Wewe tutakutana kwaya, tutakutana mazishini. Kura ni siku moja tu. Sikutaka tukosane."

"Na Ndunge je?"

"Yule simjui. Nilimwambia yote, hata shida yetu ya maji. Tulikunywa chai."

Chai ile ilimkaa Tryphena kooni kuliko zile namba. Miaka yote aliyodhani watu wanamfungulia mioyo, kumbe walikuwa wakimtunzia heshima, na mgeni wa siku moja ndiye aliyepewa ukweli.

Maxwell alimhamishia Mboghoni, upande wa Taveta, ambako hakuna aliyemjua. Huko mkulima mmoja, Munyoki, alimjibu maswali yote akiwa amesimama ndani ya mfereji, bila kuuliza yeye ni wa nani. Majibu yake ya Mboghoni yalipokaguliwa, hakuna hata moja lililobadilika. Ndunge aliachiwa Sagalla.

Matokeo ya kura hizo za maoni yaliposomwa redioni, wagombea wawili walikuwa wakikabana koo kaunti nzima. Alexander alinuna, akasema kura hizo zimenunuliwa.

"Za Sagalla ni za kweli," Tryphena akamwambia.

Kakake akauliza nani alizikusanya. Tryphena akajibu ni mtu fulani tu wa Voi. Jina la yule msichana halikumtoka.