Mawe ya Baba na Ndimu Nne

Enzi zetu pale Uthiru, mtoto aliyerudi kutoka likizo ya Agosti mikono mitupu alihesabiwa kuwa hakwenda popote. Wengine walirudi na miwa, wengine na njugu, na mmoja aliyekuwa na shangazi Mombasa alirudi na kombe la baharini, akatutesa na hadithi zake hadi Krismasi. Sisi watoto wa Mutua tulirudi na mawe. Tulisafiri siku nzima hadi Ukambani, tukakaa kwa nyanya wiki tatu, tukala muthokoi wa mahindi na maharagwe hadi tukauota usingizini, kisha tukarudi na mfuko wa mawe kana kwamba Nairobi ilikuwa imeishiwa.

Lakini hayakuwa mawe ya kurushia mbwa. Karibu na kwa nyanya kulikuwa na mgodi wa shaba uliofungwa kabla sijazaliwa. Baba aliuchimba akiwa kijana, na ulipofungwa akaja jijini kutafuta riziki kama wenzake. Kazi aliyojaliwa ilikuwa ya utarishi katika ofisi moja mjini iliyoshughulika na madini. Mungu naye ana mzaha wake. Wasomi waliketi wakibishana juu ya mawe ambayo wengi wao walikuwa wameyaona kwenye picha tu, na baba, aliyekuwa ameyang'oa ardhini kwa mikono yake, aliwapitia na sinia la chai. Alisikia yote, akauliza nani hatumii sukari.

Kule mgodini hatukukaribia shimo. Baba alisema shimo halichagui mtoto wa nani. Tulipanda vilima vya vifusi vilivyomwagwa nje zamani, jua likituchoma visogo, tukifukua kwa vijiti. Mikono ilinuka kama sarafu zilizoshikwa kutwa nzima. Jiwe tulilolishuku tulililamba, kwa sababu baba alishika msemo wake, "Jiwe kavu halisemi kitu." Ukililamba, rangi inatoka: kijani kibichi kama sukuma wiki iliyooshwa, au buluu kama wino wa shule. Baba alilipima kwa kiganja, akalizungusha, akalinusa, kisha akatamka jina lake. Hakukosea, na hakuwahi kufungua kitabu.

Leo mzazi akimkuta mwanawe analamba jiwe atamkimbiza hospitali Parklands akapigwe picha za tumbo. Na vijana wenyewe ndio hao. Binti yangu, ambaye hawezi kuokota soksi yake mwenyewe sakafuni, alikwenda duka moja la mtaa wa Karen akanunua kijiwe cha kijani, eti kinaondoa mawazo mabaya. Nikamwambia vijiwe kama hivyo nilikuwa nabadilishana kwa bano, zile gololi za kuchezea, na mawazo mabaya yalikuwa yanaondolewa na mama kwa mwiko. Akanijibu, "Mum, hiyo ni trauma." Siku hizi kila kitu tulichokula na kunywa kina jina.

Basi mawe yalikaa chini ya kitanda cha wazazi, ndani ya boksi la sabuni, kila moja limefungwa kwa gazeti. Juu ya kila jiwe baba alibandika kipande cha plasta chenye nambari, na nambari hiyo ilikuwa kwenye daftari pamoja na mahali jiwe lilipookotwa. Wageni wakija mama aliona haya. Wenzake walikuwa na akiba ya mahindi chini ya kitanda.

Nilikuwa darasa la tano baba alipokuja siku moja na habari iliyomfanya asahau kuvua kofia. Mtunza ghala la mawe pale ofisini alikuwa anastaafu. Mkubwa alikuwa amesikia kwamba tarishi wao ana mawe nyumbani na anayajua, akamwambia, "Yalete Jumatatu tuyaone." Baba alilisema jambo hilo polepole, kama mtu anayebeba mayai. Lilikuwa na maana kwamba angeacha sinia. Angevaa koti jeupe, apewe funguo, na wale wasomi ndio wangekuja kumuuliza yeye. Wiki nzima alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani akinyoa ndevu, na mama alimtazama kwa jicho ambalo sisi watoto tulijifanya hatulioni.

Sasa lazima umjue mama. Kwake yeye uchafu ulikuwa ndugu wa dhambi, tena ndugu mkubwa. Sufuria zetu zilisuguliwa kwa jivu na ndimu hadi ukajiona meno. Alikuwa na amri moja ambayo hata mchungaji hakuwahi kuihubiri kwa nguvu kama hizo: "Kitu hakiendi mbele ya mkubwa na vumbi." Kabla ya siku ya kufunga shule tulisuguliwa sisi wenyewe, na kwa kweli sidhani alitumia mkono tofauti na ule wa sufuria.

Jumapili ile baba na mama walibaki kanisani kwa mkutano, kaka zangu wakaenda kucheza. Mimi nikavuta boksi. Nikayatazama yale mawe, yana udongo, yana ukoko, yana plasta zilizochakaa, na kesho yanakwenda mbele ya mkubwa. Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote duniani. Nikachukua karai, jivu, waya wa kusugulia na ndimu zote nne zilizokuwa jikoni.

Ndimu ilipogusa kijani, jiwe lilitoa povu. Nikafurahi, nikaona uchafu unatoka. Maji yakawa ya kijani, nikayamwaga, nikaweka mengine. Nilisugua mpaka vidole vikaniwasha. Plasta zilibanduka zote, nikazitupa. Nilipomaliza nilikuwa na mawe safi kabisa ya rangi ya kahawia na kijivu, nimeyapanga juani kwa ukubwa.

Baba ndiye aliyetangulia kuingia uani. Alisimama. Alikuwa ameshika Biblia na akaendelea kuishika.

"Ni wewe umeyaosha?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

Alichuchumaa akaokota moja, akalilamba kwa mazoea. Akalirudisha pale pale kwenye mstari wangu. Akaniambia, "Umefanya kazi, mama," kwa kuwa mimi ndimi niliyebeba jina la mama yake, akaingia ndani. Nilikwenda kulala nikijiona shujaa.

Jumatatu aliyatia kwenye kiondo akaenda nayo. Jioni alirudi nayo. Mama alikuwa amepika chapati kwa ajili ya sherehe, na baba akanawa mikono, akakaa, akasema, "Wanataka mtu mwenye cheti." Basi. Tukala chapati kwa hasira. Mama alivilaani vyeti na wenye vyeti na mashine zinazovipiga chapa. Mimi niliapa kwamba hakuna mtu atakayeninyima kazi kwa sababu hiyo, na nimekitimiza kiapo: nina vyeti vya shule, vya chuo, na hata vya semina nilizosinzia mwanzo hadi mwisho. Baba alibeba sinia mpaka alipostaafu.

Alipofariki miaka michache iliyopita, watu walikuja nyumbani Uthiru kutupa pole. Akaja Mzee Athumani, mtu wa pwani aliyekuwa karani pale ofisini, na kofia yake ya kiua na mkongojo. Aliketi karibu nami, akapewa chai, akaanza kumkumbuka marehemu kwa wema. Kisha akatabasamu.

"Babako alituchekesha siku moja, mwanangu. Kaitwa aje na mawe yake apewe ghala. Kaja nayo yametakata, kayasugua kwa ndimu mpaka shaba yote ya juu imeliwa. Mkubwa akamuuliza, nani kafanya hivi? Akasema, mimi, bwana, niliyaona machafu. Basi tulicheka, Mungu atusamehe. Mtu wa kuosha shaba kwa ndimu utampaje ghala? Tukamwita Bwana Ndimu hadi anastaafu, wala hakukasirika."

"Cheti je?" nikamuuliza.

"Cheti gani? Yule mtunza ghala aliyestaafu hata shule hakwenda."

Nilishika kikombe changu nikatazama mlango. Mama alikuwa chumba cha pili na wanawake wenzake. Sikumwambia siku ile, na sijamwambia mpaka leo. Mtu aliyejua kila jiwe kwa ulimi wake alikubali kuitwa mjinga na wasomi kwa miaka yote ile, asubuhi na saa kumi, akiwamiminia chai, ili kule asimtaje mtoto, na huku nyumbani mtoto asijue. Nililia mbele ya Mzee Athumani, naye akadhani ni msiba tu.

Huwa tunapenda kusema kwamba watoto wa siku hizi wameharibika. Nimelisema mara nyingi, hata humu nimelisema. Mwezi uliopita binti yangu alitaka kunisaidia, akafuta kompyuta yangu ya ofisi kwa kitambaa kilichochuruzika maji, na ripoti ya wiki mbili ikafia humo. Kabla kompyuta haijakauka nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi la ofisi, na kwenye kundi la familia, kwamba si mimi, ni huyu msichana. Wenzangu wakanipa pole nyingi. Mkubwa wangu akasema anaelewa. Binti alisoma yote akiwa ameketi mkabala nami, simu mkononi, akasema, "Sawa, Mum."