Kadoa ka Kijani ka Bibokoboko

Rafiki yangu, weye mwenye unanisomaka toka zamani, leo kaa karibu kidogo. Habari ilifika juzi asubuhi na boti ya samaki kutoka Kazimia: ule technicien wa zamani, fundi mwenye alikuwa anachunga mashine za bureau yetu ya dawa, alikufa. Homa ilimubeba mara moja. Mwenye boti alinipa ile neno huku anateremusha ndagala, kisha akaniangalia: "Mama, alikuwa ndugu yako?" Nilisema hapana. Hakukuwa ndugu. Lakini mi niko na mudogo wangu leo sababu yake, na kama sielezi namna gani, sitalala muzuri.

Wakati wa vita, bureau yetu ilikuwa Fizi. Kila kituo cha afya chenye tulikuwa tunapelekea dawa kilikuwa na kasanduku kadogo ku ukuta, na antene, na batri ya jua. Bureau ilikuwa na serveur, mashine mama ya zingine, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuita bituo moja moja, siku yote. Uko? Uko? Kituo kikijibu, kadoa kake ku écran, kioo ya mashine, kanakuwa kijani. Kikinyamaza, kanakuwa kekundu na kengele inalia. Majina ya bituo na njia ya kufikia kila kasanduku ilikuwa imeandikwa mu mipangilio ya ile serveur.

Siku tulikimbia, bengine balibeba magodoro. Technicien alifungua ile écran nyeusi yenye haina picha, paka maandishi tu, akaandika mustari moja wa kutoa mipangilio yote. Ikaingia mu fichier moja, ni faili, fichier ikaingia mu klé ya USB, klé ikaingia mu mufuko wa Biblia yake. Serveur yenyewe akaiacha ku meza.

"Papa," nikamwambia, "unaacha mashine ya bei, unabeba kaplastiki?"

"We mama wa maombi, na haujue? Mwili njo inabakia. Roho inaenda."

Tulicheka, tukakimbia. Kule Baraka, muji wa ku ziwa, tulipata nyumba ya kupanga na ordinateur, kompyuta ya kuzeeka. Akaandika mustari ingine, wa kuingiza, na majina ikaanza kupanda ku écran. Alikuwa anayasoma kwa sauti, sawa mukatekista anaita batoto ba ubatizo, na kila jina anangojea kidogo. Kazimia, kijani. Misisi, kijani. Bibokoboko, nyekundu.

Mudogo wangu alikuwa infirmière, muuguzi wa kituo cha Bibokoboko, kule mulima. Bachungaji ba ng'ombe ba kule balikuwa balikimbia na mifugo, na benye balipita nyuma yao balisema nyumba ziko wazi, hata mbwa hakuna. Mama yetu alianza kutafuta wembe ya kunyoa nywele za kilio. Mi nilikuwa nakatala. Lakini sikuwa na kitu cha kushika mukononi, isipokuwa ile kadoa kekundu na kengele yake.

Mukubwa wa bureau alichoka. "Fungua hiyo fichier, futa Bibokoboko, ingiza tena. Kengele inanipasua kichwa."

"Patron, ulizika nani kule?" technicien akamuuliza.

"Usinichezee."

"Mi nafutaka jina nikiisha kuona na macho." Akachukua kitambaa, akafunga nayo mudomo wa kengele. Mukubwa akatoka anavuta mulango.

Sasa sikia. Siku moja muchana, jua kali, batu banakula mihogo, kadoa ka Bibokoboko kakageuka kijani. Kakakaa wakati wa kusali Baba Yetu moja, kakazima. Kesho yake, mu mvua, tena. Kijiji hakina muntu, na kinaitika. Mulinzi wa mulango alihamisha kiti chake mpaka ku barabara.

"Ni bazimu," akasema.

"Bazimu wa siku hizi banajua kuunganisha batri?" technicien akamuuliza. Lakini yeye pia hakukuwa anacheka. Aliniita pembeni. "Angalia, Mama. Kama ni jua inaamsha kasanduku peke yake, kanabakia kijani mpaka jua inashuka. Haka kanazima jua ingali kali. Na jana ilikuwa mvua, kakawaka. Hiyo ni mukono."

Ile neno iliniogopesha kupita bazimu. Mukono ya nani? Benye bunduki nabo biko na mikono. Nilipiga magoti pale pale ku simenti. Nilipoamuka, alikuwa anafunga viatu. Alipanda mulima na muchungaji moja wa kule mwenye alikuwa amekimbilia kwetu, mwenye alijua njia za ng'ombe.

Balirudia na batu batatu: mudogo wangu, mama moja wa bale bachungaji, na mutoto muchanga ku mugongo. Ule mama alikuwa ku uchungu siku yenye bote balikimbia, na mudogo wangu alikatala kumuacha. Balijificha mu kituo, na ku pori nyuma yake siku benye bunduki balifika. Benye bunduki balibeba ordinateur na bitanda, lakini kasanduku kalikuwa juu, kameusi na moshi, hawakukaona.

"Yaya, mulikuwa munaniona?" njo neno yake ya kwanza.

"Tulikuwa tunakuona."

Technicien alikuwa alimwambia siku ya kuweka kasanduku: ukiwasha hii, mi nitajua uko. Basi mudogo wangu alikuwa anawasha kidogo, anazima mbio, sababu kalampi kake kanaonekana mu nyufa za ukuta. "Kakiwaka," alisema, "nilikuwa nasikia sawa muntu ananiuliza, uko? Na mi najibu na mudomo: niko."

Vita ilitufundisha kuhesabia batu mbio mbio, mwenye iko na mwenye aliisha. Sisi ba ziwa tulifuta ba mulima, nabo balitufuta. Hakuna mwenye alipanda kuangalia, isipokuwa technicien na ule muchungaji.

Leo ile kazi ya technicien ni yangu, yeye njo alinifundisha mu masomo ya mangaribi. Nyumba yake ya Kazimia nayo ilikuwa na kasanduku ka kujaribia, na jina mu mipangilio. Habari ilipofika, serveur mupya ilikuwa inangojea fichier. Mwenzangu akasema, "Mama, toa ya mufu kwanza." Nilikatala. Nilipanda boti, nikafika Kazimia, nikaona kaburi, nikagusa udongo, ulikuwa ungali na maji. Nikarudia, nikafungua fichier, nikafuta mustari wake na mukono wangu, nikaingiza. Majina ikapanda, nikasoma kwa sauti. Pale yake ingekuwa, hakukuwa kitu. Mi nilingojea vilevile.

Kama kwenu kuko jina yenye batu banataka kufuta, enda kwanza uangalie. Na hii habari usiifungie mu nyumba. Usomee jirani, wa ziwa na wa mulima, naye amusomee mwengine.