Meza Mbili Bustanini

Nilisafiri mpaka Uholanzi kumwona binti yangu, na sikulala nyumbani kwake hata usiku mmoja.

Akinyi aliolewa huko na Mholanzi aitwaye Willem. Aliposhika mimba akaniomba niende. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali kwa mkwewe, wala hali naye meza moja. Siku ya kuaga kanisani kwetu Kondele, mjini Kisumu, rafiki yangu Mama Otieno aliniuliza, "Sasa huko utalala juu ya mti?" Nilicheka naye. Lakini niliogopa Akinyi angeona ninamkataa mume wake.

Asubuhi, kiwanja cha ndege cha Amsterdam. Akinyi alinikumbatia. Willem alisimama mbali nyuma yake, ameinamisha macho. Alikuwa amefundishwa. Nilipangiwa chumba kwa jirani yao, bibi mjane ambaye supu yake ya njegere ilikuwa nzito kama uji.

Jumamosi walinipeleka kwenye bustani kubwa ya maua, maana majira ya baridi yalikuwa yamekwisha. Tulipu nyekundu zilipita kati ya miti kama mto, zikafuatwa na za manjano, kisha za zambarau iliyokaribia weusi. Willem alieleza huku ameyatazama maua, Akinyi akanitafsiria: maua hayo huota kwenye vitunguu vyake, navyo hupandwa kwa mkono kabla ya baridi, na bustani ikifungwa baada ya wiki chache, vyote hung'olewa.

"Vyote?"

"Vyote, Mama. Halafu wanaanza upya."

Saa ya chakula, Willem alichukua meza ng'ambo ya tuta la maua, akanipa mgongo. Akinyi akawa anapita katikati na sahani za chapati zao za sukari.

"Sasa mimi ni weita wenu?" akalalamika.

Mara Willem akapaza sauti, kwa Kiswahili chake kipya, bila kugeuka: "Mama, hapa ni mbali ya kutosha?"

"Ni mbali mno, baba! Toka kwenye huo upepo!"

Akavuta kiti hatua moja, mgongo ukiwa bado kwangu. Akinyi alicheka mpaka akashika tumbo. Hofu niliyotoka nayo Kondele iliishia pale.

Nilirudi Kisumu nikimshukuru Mungu kwa mkwe huyo. Heshima niliyodhani itamchosha, aliibeba vizuri kuliko vijana wetu wengi.

Akinyi atajifungua wakati vitunguu vipya vinapandwa, na anataka nikamwogeshee mtoto. Yule mjane amehamia kwa mwanawe, mji mwingine. Willem anasema yeye ndiye atakayetafuta pa kulala, amwache mtoto wake mchanga na sisi. Nimewauliza ndugu za marehemu mume wangu kule kijijini Pap Onditi kama ni sawa nilale kwa mkwe, yeye akiwa hayupo. Bado hawajanijibu.